Uyoga wa Kichuguu Kilichokufa

Siku mliyoniaga mlinipa thamosi, blanketi na saa ya ukutani. Asanteni. Saa inanichekesha kidogo, maana mtu akistaafu ndipo hana haja tena ya kujua ni saa ngapi, lakini nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri. Baada ya keki, mmoja wenu alinivuta kando akaniuliza, "Madam, ukipigiwa simu eti watu wamekula uyoga mbaya, unaanzia wapi?" Nilimjibu kwa mkato kwa sababu tulikuwa tunangojwa kwa picha. Jibu kamili ni hili. Ni refu, na kuliandika kunaniuma, kwa sababu ndani yake kuna watu wawili waliokufa kwa neno langu, na mwanamke aliyefukuzwa kwake kwa kunyamaza kwangu. Vyeo na mishahara sitavitaja. Hivyo kila mtu hupata vyake na kuvilalamikia mwenyewe.

Nilianza kazi ya afya ya umma Migori, katika chumba kimoja nyuma ya stoo ya chanjo. Nilitoka chuoni na koti jeupe lililopigwa pasi, nikidhani nimekuja kuokoa watu. Wiki nzima ya kwanza nilihesabu vyoo. Wiki ya pili nilikabidhiwa kwa mzee Ogada, fundi wa afya aliyekuwa amekula chumvi nyingi na ambaye ofisi nzima ilimwita Japuonj, yaani mwalimu. Aliliangalia koti langu akasema, "Nyathina, mwanangu, hiyo iweke nyumbani. Watu wakiona koti nyeupe wanakuambia uongo."

Ogada alikuwa na mkoba wa ngozi uliokatika kamba, na ndani yake vitu ambavyo hadi leo ndivyo ningewanunulia kabla ya hizo tabuleti zenu. Kisu kifupi. Mwiko mdogo wa bustani. Mifuko ya khaki, kwa sababu uyoga ukiuweka kwenye plastiki unaoza kabla hujafika ofisini; mzee aliipiga plastiki marufuku miaka mingi kabla ya serikali. Glasi moja ya chai. Na karatasi mbili, moja nyeupe na moja nyeusi. Ile nyeusi aliipata kwenye bahasha za picha za eksirei, akaikata vipande na kuitunza kama hati ya shamba. Nilidhani mzee ana wazimu kidogo.

Kesi yetu ya kwanza pamoja ilitoka kwenye kambi ya wakata miwa. Wanaume tisa walikuwa wamelala chini ya turubai wakitapika na kuharisha, na mpishi wao, mama wa Kikuria, amekaa kando ameshika tama. Alikuwa amewakaangia uyoga mkubwa mweupe alioukuta kwenye majani karibu na zizi baada ya mvua. Ogada hakugusa mgonjwa kwanza. Aliuliza maswali matatu: walikula saa ngapi, walianza kutapika saa ngapi, na nani hakula.

"Daktari, sisi tumelogwa," mmoja akasema akiwa ameinamia ndoo. "Kuna mtu ametutupia kitu."

"Na huyu?" Ogada akamwonyesha kijana aliyesimama mlangoni mzima kabisa. "Wewe ulikula nini?"

"Mimi nilikula sukuma. Uyoga mimi sipendi, inateleza."

"Basi mchawi wenu anajua menyu," mzee akasema. Hata waliokuwa wakitapika walicheka.

Walikuwa wametapika saa mbili baada ya kula, na hilo lilimtuliza. Alinieleza tukiwa njiani kwamba uyoga unaotapisha upesi mara nyingi humwachilia mtu baada ya kumtesa. Unaokaa kimya tumboni saa sita, saa nane, saa kumi, huo ndio wa kuogopa. Wala usitulie ukisikia wametapika upesi, maana watu huchanganya uyoga wa aina mbili katika sufuria moja. Aliokota kofia ya uyoga uliobaki jikoni, akaikata shina, akailaza kifudifudi nusu juu ya karatasi nyeupe na nusu juu ya nyeusi, akaifunika kwa ile glasi. Kesho yake asubuhi tulipoinua, chini kulikuwa na unga uliodondoka kutoka kwenye kofia, wa rangi ya kijani kichafu kama maji ya kuchemshia mboga. "Huyu ndiye," akasema. Uyoga ule wa zizini una pete kwenye shina na kofia yenye magamba, na ukiwa mchanga unafanana na ule mzuri kiasi cha kumdanganya hata aliyezaliwa kichakani. Unga wake tu ndio haujui kusema uongo.

Wakata miwa wote tisa walipona.

Halafu akanifundisha ule mzuri wenyewe, uyoga wa kichuguu, ambao kwa Kijaluo tunauita obuolo na ambao sote tumeula tangu tukiwa na meno mawili. Alinipeleka kwenye kichuguu chenye mchwa, akanipa mwiko, akasema nichimbe. Nikasita. Kwetu, mama yangu alikuwa akinichapa vidole nikichimba. Uyoga unauvunja usawa wa udongo kwa kuuzungusha taratibu, na kilicho chini unakiacha humo humo, ili kichuguu kikupe tena mwaka ujao. Kila nyumba niliyowahi kuingia, Migori na Homa Bay, wanafanya vivyo hivyo, na mtoto anayechimba huonekana mchoyo.

"Mama yako anatunza uyoga," Ogada akaniambia. "Wewe unatunza watu. Chimba."

Nilichimba hadi kiwiko. Shina la obuolo haliishii pale unapoliona. Linateremka likiwa mzizi mrefu mwembamba mpaka kwenye bustani ya mchwa chini kabisa, na juu ya kofia kuna chuchu ngumu, ndiyo iliyotoboa udongo. Unga wake ni wa waridi hafifu. Uyoga wenyewe haukai ndani ya kifuko. Akaniambia kwamba kuna mwingine, yeye ameuona mara mbili tu maishani, una kofia nzuri, una pete laini kama sketi, na chini kwenye udongo umesimama ndani ya kifuko cheupe. Unga wake ni mweupe, ndiyo maana ya karatasi nyeusi, kwa sababu kwenye nyeupe hutauona. Unga mweupe peke yake haushtaki mtu, kuna uyoga wa kuliwa wenye unga huo huo. Lakini ukikuta unga mweupe, pete na kifuko pamoja, "usiniite mimi, ita gari."

Alinifuta kichwani pia mambo niliyotoka nayo nyumbani. Eti sarafu ikiwekwa kwenye sufuria ikigeuka nyeusi uyoga una sumu. Eti kitunguu kikibaki cheupe ni salama. Eti ukiona umeliwa na wadudu hata wewe kula. Eti mpe kuku kwanza. Kuku wa jirani, kwa kawaida. Uyoga wa kifuko hautageuza sarafu, hautageuza kitunguu, konokono anautafuna na kwenda zake, na ukiuchemsha mchana kutwa bado ni ule ule. Waliokaribia kufa na wakapona wamesema una ladha nzuri.

Ogada alistaafu, na baada ya muda akafariki. Mkoba aliniachia mimi. Nilihamishiwa Homa Bay, nikazunguka Kosele, Lambwe na milima ya juu yake kwa miaka mingi. Msimu wa mvua ndefu wamama walipanga obuolo sokoni Kosele kwenye majani ya mgomba, na mimi nilipita nikiwaambia wauze ukiwa na mzizi wake ili mnunuzi aone.

"Sasa Madam unataka tuuze na mchanga?" mmoja aliniuliza, soko likaangua kicheko. "Customer atasema sisi ni wachafu. Na mwaka kesho tutavuna nini?"

Mwaka wa kwanza niligombana nao. Wa pili nikabembeleza. Wa tatu nikalegeza, nikawa napita nikitazama kofia tu, na kutikisa kichwa kukubali au kukataa. Sikuwahi kukosea. Jicho langu likapata jina, watu wakasema, Madam akiona ameona, na mimi nikalipenda jina hilo. Mkoba wa Ogada ukahamia juu ya kabati. Ninawaambia haya bila kuzunguka kwa sababu ndipo kosa lilipoanzia, kwa kusifiwa, miaka mingi kabla mtu yeyote hajafa.

Kisha zikaja simu. Wahudumu wa afya ya jamii wote wakawekwa kwenye kundi moja, na mimi nikawa napokea picha za vipele, za visima na za nepi za watoto wakati nakula chakula cha mchana. Mhudumu hodari kuliko wote alikuwa Rispa, mama wa Lambwe aliyejua kila mimba katika vijiji vyake kabla hata ya mwenye mimba. Siku moja ya mvua ndefu, miaka mitatu iliyopita, nilikuwa kwenye warsha. Warsha ilihusu namna ya kujaza ripoti. Simu ikatetemeka mezani, ni picha ambayo Rispa amenitumia mimi peke yangu, nje ya kundi. Uyoga mweupe kwenye ungo, umeoshwa safi, mashina yamekatwa sawasawa. Chini yake ameandika: "Madam habari. Jirani yangu Auma anauliza hii obuolo iko sawa apikie watu yake? Imetoka kwa kichuguu."

Niliitazama kwa muda wa kumeza funda moja la chai. Nikaandika: "Iko sawa. Aive vizuri." Nikarudi kujifunza kujaza ripoti.

Kesho yake saa mbili asubuhi Rispa alinipigia. Sikumfahamu kwa sauti.

"Madam, kwa Auma wanatapika. Dani Trufena, na Achieng, na Auma mwenyewe. Wanaharisha maji tu."

"Walikula saa ngapi?"

"Jana saa moja jioni."

"Na kutapika?"

"Imeanza saa kumi na moja hii alfajiri."

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto, nikafika kumi. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi. Dereva aliniuliza kama naumwa.

Auma alikuwa mke wa fundi mwashi aliyekuwa kwenye kibarua Kisumu. Aliishi na mama mkwe wake, Dani Trufena, yaani Bibi Trufena kwa Kijaluo, na watoto wawili: Achieng wa miaka saba, na mvulana wa miaka miwili ambaye usiku ule alilala kabla chakula hakijaiva. Auma aliwapakulia wenzake kwanza, mchuzi na vipande vinono, naye akamalizia ugali na mabaki ya sufuria. Ndivyo mwanamke anavyokula katika nyumba nyingi mnazozijua. Kula huko mwisho ndiko kulikomwokoa, na ndiko baadaye watu walikokutumia kumshtaki.

Tuliwafikisha hospitali, wakawekewa maji ya mshipa. Niliwaambia madaktari ninachokiogopa, na walinisikiliza. Siku ya pili wagonjwa wakaamka wepesi. Hapa vijana wangu tafadhali someni mara mbili. Uyoga wa kifuko humpa mtu siku moja ya nafuu. Kutapika kunakoma, anaomba uji, anacheka, na ndani ini lake linakufa. Achieng aliniomba soda. Dani Trufena aliketi kitandani akafunga kitambaa chake akasema anakwenda kukamua ng'ombe.

"Dani, kaa siku tatu tu," nilimwambia. "Huu ugonjwa unajificha."

"Wewe nyathina umesomea kutisha watu," akanijibu. "Mimi nimepona. Nani atakamua ng'ombe yangu? Wewe?"

Alitia sahihi kwa kidole gumba akaondoka.

Mimi nilikwenda na mwiko kule uyoga ulikotoka. Rispa alinionyesha. Kilikuwa kichuguu kweli, kikubwa, na ukoo ule ulikuwa umevuna obuolo pale tangu enzi za babu yao. Ila shamba lilikuwa limeuzwa. Mnunuzi alipanda misonobari pande zote, ile wanayoita paini, na mchwa walipotafuna miche yake akamimina dawa kichuguuni. Nilipigapiga udongo kwa mwiko. Hakuna askari wa mchwa aliyetoka. Kichuguu kilikuwa kimekufa miaka kadhaa, na kwenye kivuli cha misonobari, kwenye mteremko ule ule ambako watoto walitumwa kila mvua ikinyesha, ulikuwa umesimama uyoga mweupe wenye ukijani wa mbali sana juu ya kofia. Karibu yake kulikuwa na vishina vilivyovunjwa usawa wa udongo, kwa adabu, kama tulivyolelewa. Nilichimba kimoja. Chini kilikuwa kimevaa kifuko cheupe, kama soksi ya mtoto mchanga. Auma hakukiona. Hangeweza kukiona, alikuwa amekiacha ardhini ili kichuguu kimpe tena mwaka ujao. Nililia pale, mwiko mkononi, mbele ya Rispa.

Siku ya tatu macho ya Achieng yalikuwa ya manjano. Alikufa siku ya nne mchana, ameshika chupa ya soda aliyokuwa hawezi tena kunywa. Dani Trufena alirudishwa hospitali kwa mkokoteni na kisha gari, hajitambui, akafa siku ya sita. Auma aliumwa wiki mbili na akabaki.

Kabla ya mazishi ilibidi niandike ripoti. Mnaijua fomu. Kuna mstari unaouliza kama familia ilitafuta ushauri kabla ya kula, na kisanduku cha ndiyo na cha hapana. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Nilijiambia kwamba ujumbe wa simu si ushauri rasmi. Nilijiambia kwamba nimebakiza miaka mitatu. Nikatia alama kwenye hapana.

Siku ya mazishi majeneza mawili yalikuwa uani, dogo limewekwa pembeni ya kubwa. Wakati wa hotuba shemeji mkubwa wa Auma alisimama.

"Watu watatu wamekula sufuria moja," akasema. "Wawili wako hapa kwa sanduku. Mmoja ameketi pale. Mimi nauliza tu, kwa nini yeye alikula kidogo? Na kila mtu hapa anajua yeye na mama yetu walikuwa wanagombania hiyo jikoni."

Auma alisimama bila kuambiwa. Alikuwa amekonda, ngozi bado ya manjano. "Mimi niliuliza kwanza," akasema. "Niliuliza kabla sijapika. Rispa alipiga picha akatuma kwa watu wa afya. Wakasema iko sawa."

Naibu wa chifu akafungua bahasha ya ripoti yangu, niliyokuwa nimempelekea nakala. Alisoma kwa sauti kwamba familia haikutafuta ushauri wowote. Watu wakaguna. Kisha akamgeukia Rispa, "Ni kweli ulituma?"

Rispa alinitazama kupita vichwa vyote vile. "Nilituma," akasema. "Simu yangu ilizama kwa maji ya mto, siwezi onyesha. Lakini Madam yuko hapa. Madam aseme."

Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba wangu wa mkononi, mkoba mapajani. Ujumbe ulikuwamo na bado umo. Nilisimama. Nilikuwa nimevaa koti jeupe siku ile.

"Nitaangalia kwenye rekodi," nikasema, nikaketi.

Sijawahi kuambia mtu uongo kwa maneno safi namna hiyo. Walichosikia ni hapana. Kabla ya wageni kumaliza kula, vitu vya Auma vilikuwa nje ya uzio, na mtoto wake wa kiume alikuwa amebebwa na shangazi. Mumewe alisimama mlangoni anaangalia viatu vyake.

Wiki tatu sikulala vizuri, na hilo silihesabu kuwa adhabu. Halafu nilikwenda kwa bosi wangu nikamwambia. Alinishauri niache, faili limefungwa, nangojewa na pensheni. Nikapiga moyo konde, nikarudi Lambwe peke yangu na kuwaomba wazee wa ule ukoo waketi. Niliweka simu mezani. Ikapita mkono kwa mkono, wenye miwani wakiwasomea wasio na miwani: swali, jibu langu, na saa iliyoandikwa pembeni, mchana, kabla ya chakula cha jioni. Shemeji alisoma mara mbili.

"Hii ulikuwa nayo siku ya mazishi?" akaniuliza.

"Nilikuwa nayo."

"Ndani ya hiyo handbag?"

"Ndiyo."

Hakunipiga, ingawa nilimngoja anipige. Alisema tu kwamba wamesikia, ila aliyetoka ametoka, maneno yaliyosemwa mbele ya maiti hayarudishwi na simu, na mtoto ni wa ukoo. Niliomba arudishiwe mama yake angalau. Mzee mmoja akaniuliza kama nina la ziada.

Ofisi ilinipa barua ya onyo. Ripoti nilisahihisha kwa mkono wangu, na mkiifungua mtakuta alama mbili na sahihi mbili, mstari umekata ya kwanza. Msiitoe.

Auma nilimpata Masara, karibu na kwa wazazi wake, kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa miongoni mwa wanawake wanaoponda mawe kwa nyundo juu ya tairi kuukuu, amefunga leso puani kwa vumbi. Hakuacha kuponda nilipojitambulisha. Nilimwambia yote: simu, wazee, ripoti. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya msamaha njia nzima, yakaisha upesi.

"Walisema nini juu ya mtoto yangu?" akauliza.

"Walisema ni wa ukoo."

Akaponda mawe mawili, matatu. "Wewe uliandika mimi sikuuliza."

"Niliandika."

"Basi andika tena. Si ya ofisi. Andika barua ya mtoto. Andika mama yako aliuliza kabla apike, na mimi ndio nilijibu vibaya. Weka jina yako. Na iwe na muhuri, kwa sababu hiyo ingine ilikuwa na muhuri."

Muhuri sikuwa nao pale. Nilirudi wiki iliyofuata nikiwa nimeandika karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi, nikaigonga muhuri mbele yake. Alitaka nimsomee. Nikasoma. Akataka nisome tena kwa sauti zaidi, na mara hii nyundo zote zilinyamaza mpaka nikamaliza. Kisha akaikunja mara nne na kunirudishia.

"Wewe ndio utampelekea," akasema. "Mimi wakiniona kwa hiyo gate watanipiga. Usimpe mtu mkubwa amsomee. Akijua kusoma, asome yeye mwenyewe."

Kwa hiyo kijana wangu wa Lambwe, uliniuliza unaanzia wapi. Anza na saa ngapi, saa ngapi, na nani hakula. Chimba, hata wakikuita mchoyo. Uliza kama kichuguu kina mchwa hai na kuna miti gani karibu. Karatasi nyeusi ziko kwenye mkoba wa Ogada, nimeuacha kwenye meza yako. Picha ya uyoga ikija kwenye simu, jibu ni moja tu: sijui, msile, nakuja. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale.

Mvulana ana miaka mitano sasa. Wazee wananiruhusu kumwona, sijui kwa nini, na kila shule zikifungwa nafika na daftari na kalamu za rangi, na ile barua ya mama yake ndani ya mkoba wangu wa mkononi. Ananikimbilia tangu langoni. Ananiita dani, kwa sababu mwingine hana. Safari iliyopita mwalimu wake aliniambia nifurahi, mtoto ameshaanza kuunganisha herufi.